Watu Wanne Waliotubu Jiwe Moja

Mama alipigwa jiwe begani akiwa anapima viazi. Zilikuwa siku za joto la uchaguzi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kundi la vijana lilipita sokoni Kisumu likiwaambia watu wa Mkoa wa Kati warudi kwao. Mama alikuwa ameishi Kisumu tangu kabla sijazaliwa. Aliposikia "Rudini kwenu!" alidhani wanaambiwa watu wengine, akaendelea kupima. Jiwe ndilo lililomfafanulia.

Lilitoka nyuma. Hakuona mtu, aliona viazi vikitawanyika. Kabla hajaelewa, jirani yetu, mama mwenye sauti ya kengele aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, meza ya pili, alimshika mguu akamburuta chini ya meza yake na kumfunika kwa magunia ya omena. Akakaa juu yake. Vijana walipofika aliwauliza kwa Dholuo, lugha ya kwao, kama wamekuja kununua au kuchafua hewa. Walipindua meza ya Mama, wakakanyaga kabeji, wakaenda zao. Mama alirudi nyumbani na bega lililovimba na harufu ambayo paka wa mtaa mzima waliifuata hadi mlangoni kwetu na kukataa kuondoka.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu chuo kikuu kilikuwa kimefungwa. Wanafunzi tuliandamana, serikali ikakasirika, tukapewa muda mfupi wa kufungasha. Nilikuwa nasoma falsafa. Mama aliwaambia watu nasoma ualimu, kwa kuwa alikuwa amechoka kueleza.

"Na hiyo falsafa," aliniuliza nikimkanda bega kwa maji ya moto, "inafanya nini hasa?"

"Inauliza maswali, Mama."

"Hata polisi wanauliza maswali. Kanda hapo chini kidogo."

Hospitalini walimpiga picha ya eksirei. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha na kusema mfupa ni mzima kabisa. Uvimbe ulishuka. Lakini mkono wa kulia uligoma kupanda. Ulifika usawa wa kifua ukasimama, kama mtu aliyefika mlangoni kwa mkwewe akakumbuka hakualikwa.

Basi Mama akaanza kuutafutia mkono wake Mungu.

Tulianza na mkutano mkubwa wa injili uwanjani, wenye jenereta na vipaza sauti. Mhubiri alikuwa amevaa suti nyeupe, na mkalimani wake alikuwa akitafsiri hata kikohozi. Alisema kila mgonjwa ainue mikono yote miwili. Mama aliinua mmoja. Mhudumu mwenye utepe kifuani alimwona, akaja mbio, akaushika ule mwingine na kuuvuta juu.

"Ameinua!" alipaza sauti. "Ameinua, Bwana asifiwe!"

"Niachie mkono!" Mama alilia, akamwita Mungu kwa Kikuyu. "Ngai! Wewe kijana, niachie!"

"Pepo anaongea!" mhudumu akasema kwa furaha.

Watu wakakusanyika kumwombea. Kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kushangilia, na ilibidi nitumie kiwiko kumtoa. Tulitoka uwanjani Mama akiwa amepoteza kiatu kimoja, na kwenye kipaza sauti tukamsikia mhubiri akimshukuru Mungu kwa mama aliyefunguliwa.

"Umefunguliwa?" nilimuuliza njiani.

"Kiatu ndicho kimefunguliwa."

Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa katika umri ambao mtu hudhani dini ni mjadala na kwamba upo upande unaoweza kushinda. Nikamweleza kwamba akili ikiogopa inaweza kuushikilia mwili, kwamba jambo hilo linajulikana, limeandikwa. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Bega si shida. Hata kwa mkono mmoja nauza. Shida ni nikisimama pale. Mteja akija simwangalii uso, namwangalia mkono. Najiuliza, ni huu? Anachukua kabeji, najiuliza, ni huu? Siwezi kuuzia watu hivyo. Na kumchukia mtu ambaye simjui inanichosha, kwa sababu inabidi niwachukie wote."

Mjomba, kaka yake, alikuwa na lori lililotuletea viazi kutoka Kinangop, kwao milimani. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba mwisho wa mwezi atakuja na lori hilo kumchukua Mama na vyombo vyake, na mambo ya Kisumu yaishe. Mama hakutaka kwenda. Baba yangu alikuwa amekufa, mimi ningerudi chuoni, na kule milimani alikuwa hana mtu wa kugombana naye. Hapa alikuwa na soko zima. Alimjibu kaka yake hivi: akiweza kusimama tena kwenye meza yake kabla ya mwisho wa mwezi, atabaki. Asipoweza, ataingia kwenye lori.

Jirani yetu wa omena alipoyasikia hayo alikuja na sufuria mkononi.

"Wewe ulienda kuombewa na watu wa jenereta," alisema. "Ndio maana. Kuja kwetu. Sisi hatuna kelele. Sisi tunatubu tu."

Alikuwa mmoja wa ndugu wa uamsho, waliokutana kila Alhamisi alasiri nyuma ya kanisa, kwenye chumba chenye mabenchi yasiyo na migongo. Desturi yao ilikuwa kuweka kila kitu nuruni. Mtu akikukosea, au wewe ukimkosea, au ukimchukia kidogo tu kwa sababu ya kofia yake, unasimama mbele ya wote, unasema, wote wanaimba, mnakumbatiana, mnakunywa chai. Nilikwenda na Mama ili kumlinda. Hayo ndiyo niliyojiambia.

Alhamisi ile ya kwanza mwanamke mmoja alitubu kwamba mchungaji alipomtembelea alificha mkia wa samaki aina ya ngege, yaani ule upande wenye mnofu, akampa kichwa na kusema ni heshima. Wakaimba. Mzee mmoja akatubu kwamba alisinzia wakati wa mahubiri. Aliyehubiri siku hiyo naye akasimama, akatubu kwamba alimwona akisinzia, akarefusha mahubiri kwa makusudi. Wakaimba tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limewagusa wengi.

Halafu wakanigeukia mimi.

"Na dada yetu mgeni, una neno?" aliuliza kiongozi wao, mzee mrefu aliyestaafu kazi ya reli.

Nikasimama. "Sina cha kutubu, Mzee. Mimi siamini."

"Asante kwa kuliweka nuruni," alisema, na wakaniimbia beti zote. Nilikumbatiwa na watu ambao sikuwajua, mmoja wao akinuka grisi ya mnyororo. Ni vigumu sana kubishana na mtu anayekukumbatia.

Mama alisimama mwisho. Alizungumza polepole, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mimi nilipigwa jiwe hapa begani. Nimeambiwa nisamehe. Nataka kusamehe. Lakini nimsamehe nani? Mtu hana uso. Nikisema nimesamehe, ni kama nimetupa maji nje usiku, sijui yamemwagikia nani. Nataka niambiwe ni huyu. Basi. Nimwangalie, nimsamehe, nirudi kazini."

Hakuna aliyeimba. Mzee wa reli akakohoa, akasema mtu huyo, popote alipo, Bwana amguse aje nuruni.

Wiki iliyofuata akaja. Alikuwa fundi wa baiskeli, yule wa grisi. Alisimama, akasema, "Dada, hiyo jiwe ni mimi nilirusha." Mama alimwangalia, machozi yakamtoka, akamwendea, akamkumbatia kwa mkono mmoja. Mabenchi mawili yalianguka kwa jinsi watu walivyoinuka. Hata mimi niliinuka, nikajiambia ni kuokota mabenchi.

Siku hiyo Mama alilala kama mtoto. Kesho yake alifua aproni yake ya kazi.

Ingeishia hapo, ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwashangazia wenzangu chuoni. Lakini Alhamisi iliyofuata akasimama mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ndugu zangu," alisema, "ile jiwe ya dada yetu. Ni mimi."

Mama alinigeukia. "Kwani nilipigwa mawe mawili?"

"Moja, Mama. Alama ilikuwa moja."

"Labda yalifuatana," jirani alinong'ona.

Mama akamsamehe mwalimu pia. Alimkumbatia kwa adabu, lakini nilimwona ameanza kufikiri. Kabla hatujakaa, akainuka mke wa mzee wa reli, mama mzee aliyeletwa pale kwa kushikwa mikono miwili, akasema kwa sauti nyembamba kwamba yeye pia alikuwa na jiwe.

"Wewe?" mume wake alisema.

"Niache nitubu, Baba."

Wakati wa chai nilifanya kazi ambayo chuo kilinifundisha. Nilikaa na fundi wa baiskeli.

"Ulikuwa umesimama wapi uliporusha?"

"Mbele yake kabisa," alisema. "Nilimwangalia hivi."

"Alipigwa kutoka nyuma."

Fundi aliitazama chai yake. "Ilizunguka," alisema.

Nikamwendea mwalimu, nikamwomba anionyeshe ukubwa wa jiwe. Alitenganisha mikono yake hadi ikafika ukubwa wa sufuria ya ugali ya harusi. Nikamwambia jiwe hilo lingempata Mama, leo tungekuwa tunakunywa chai ya matanga. Akasema pengine anakosea vipimo, kwa sababu yeye hufundisha historia. Bibi wa mzee wa reli sikumhoji. Nilimwangalia akijaribu kuokota kijiko.

Njiani nilimpa Mama matokeo yangu yote, moja baada ya jingine. Nilikuwa na furaha mbaya ya mtu aliye sahihi. Nilimwambia hakuna hata mmoja wao aliyerusha kitu. Fundi mwenyewe alikuwa Port Victoria kwenye mazishi siku hiyo, nilithibitisha kwa mkewe.

Mama alipofika nyumbani alitoa ile aproni kwenye msumari, akaikunja, akaiweka ndani ya sanduku. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu. Usiku huo sikuhisi kama nimeshinda chochote.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Mjomba kuja, Mama alikwenda kuwaaga. Alikuwa amevaa gauni lake la safari. Hata hawajamaliza wimbo wa kufungua, jirani yetu wa omena alisimama. Alikuwa amejifunga leso kiunoni kama mtu anayekwenda kupakua samaki.

"Mimi nina neno," alisema. "Wote hawa wamesema uongo. Hiyo jiwe ni mimi nilirusha."

Mama aliruka kutoka kwenye benchi. "Wewe!"

"Mimi."

"Wewe si ndiye uliniburuta chini ya meza?"

"Nilirusha kwanza. Halafu nikakuburuta."

"Ukanikalia!"

"Ndiyo. Nilikuwa na majuto."

"Wewe mwanamke ni mwongo!" Mama alipaza sauti. "Mwongo mbele ya Mungu! Ulikuwa unanionyesha omena wa ufuo wa Dunga mkononi, unasema 'ona hii imekauka vizuri', jiwe likinipiga! Nilikuwa nakusikia! Ulirusha kwa mguu?"

"Yawa, basi unataka nini?" Jirani naye akapandisha. Alikuwa amesahau kanisa, tulikuwa sokoni. "Ulisimama hapa ukasema unataka uso! Kila siku unalia uso, uso, uso! Huyo kijana nitamtoa wapi mimi? Wale vijana hata wao wenyewe hawajui nani alirusha nini! Nakuona unaangalia mikono ya watu, hata wateja wangu unawaangalia mikono, nasema huyu ataenda na hiyo lori, na mimi nitabaki nikigombana na nani? Unataka uso, si uso ni hii? Chukua! Ni uso mzima, haina shida!"

Akamsogezea uso wake. Ulikuwa uso mpana, wenye jasho, na magamba mawili ya samaki karibu na sikio.

Mama aliutazama. Kisha kitu kikaanza kumtikisa kutoka tumboni, nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na gauni lake la safari. Jirani alimtazama kwa hasira kidogo, halafu naye akashindwa, akakaa kando yake, na wale wawili wakawa wanapigana makofi ya mapajani huku ndugu wa uamsho wakitazamana wasijue kama huu ni wakati wa kuimba.

Mzee wa reli alikuwa wa kwanza kuiona hatari.

"Subirini," alisema. "Kama dada hakurusha, na fundi hakurusha, na mwalimu... basi mmesema uongo. Nuruni!"

Ikawa fujo ya kitheolojia. Fundi akatubu kwamba alitubu uongo. Alisema alimwona Mama siku ile ya kwanza akasikia uchungu, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Mwalimu akatubu vivyo hivyo, akaongeza kwamba alishawishika na jinsi fundi alivyoimbiwa. Bibi wa mzee wa reli akasema yeye hatubu, maana katika maisha yake yote aliwahi kurusha mawe, tena mengi, na huenda moja lilikuwa bado linakwenda. Mzee wa reli akasimama mwisho, kofia mkononi, akakiri kwamba alijua tangu jiwe la pili lakini alinyamaza kwa sababu chumba kilikuwa kimeanza kujaa.

Niliona nafasi ya kusaidia. Nikasema kwa mantiki msamaha uliotolewa kwa kosa ambalo halikutendeka ni batili, kwa hiyo Mama hamdai mtu wala hadaiwi, na kila kitu kirudi kilipokuwa.

"Nyamaza," Mama aliniambia kutoka sakafuni, akijifuta macho. "Nimeshausema. Niliutoa kwa machozi yangu, sasa niurudishe wapi? Wabaki nao." Akawageukia. "Lakini Jumamosi mnakuja sokoni, nyinyi wote. Mmesamehewa, mtabeba magunia."

Mjomba alifika Jumamosi asubuhi kumhamisha dada yake. Lori lilikuwa limejaa viazi hadi juu ya turubai.

"Ulikuja kunichukua au kuniuzia?" Mama alimuuliza.

Mjomba alijikuna kichwa. "Sasa ningetokaje Kinangop na lori tupu? Mafuta si maji."

"Na vyombo vyangu ungeviweka wapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Viazi vilikuwa pale, vikianza kupata joto, na hakuna mfanyabiashara wa ukoo wetu angeweza kuviangalia vikioza kwa ajili ya huzuni. Mama akatoa aproni sandukuni.

Fundi na mwalimu walibeba magunia. Mwalimu alidondosha moja kwenye mguu wa Mjomba na kutubu papo hapo, Mjomba akauliza huyu ni nani na anataka nini. Bibi wa mzee wa reli alipewa kiti na kazi ya kutazama karoti. Mzee mwenyewe alisimama kando ya meza amenyoosha mgongo kama anangoja treni, akimsalimia kila aliyepita, "Karibu, mama, viazi mpya," kwa sauti ya mtu anayetangaza kituo.

Mimi nilisimama nyuma ya Mama, upande ule jiwe lilikotokea. Hakuniomba. Nilitazama umati, na nikagundua kwamba sasa mimi ndiye niliyekuwa naangalia mikono.

Kijana mmoja alikuja, umri kama wangu, kofia ya kapelo imeshushwa hadi machoni. Alisimama muda mrefu kuliko mnunuzi wa kawaida. Mama alimwangalia usoni. Nilimwona jirani yetu, pale kwenye omena zake, ameacha kupima.

"Unataka ngapi?" Mama aliuliza.

"Gorogoro moja, Mathe."

Mama akaanza kujaza mkebe. Kijana akanyoosha mkono kwenye rundo na kuanza kuchagua vile vikubwa, kimoja baada ya kingine.

"We! Toa mkono hapo!" Mama alifoka. "Unachagua, umeoa viazi? Vikubwa na vidogo vinaenda pamoja! Kama unataka vikubwa peke yake nenda ukalime!"

"Pole, Mathe, pole."

"Pole ya nini? Lete mfuko."

Akammwagia gorogoro yake, akachukua kiazi kimoja kikubwa zaidi, akakitupia juu kama nyongeza, kwa mkono wa kulia, ambao bado haukupita kifua na hadi leo haupiti. Kijana akaenda. Jirani akarudi kupima omena. Mjomba, akichechemea, alisogea akaniuliza kwa sauti ya chini kama aanze kupakia vitanda.

"Muulize yeye," nilimwambia.

Alimwangalia dada yake, ambaye tayari alikuwa amemgeukia mteja mwingine na alikuwa akimwambia, kwa Dholuo mbovu kabisa, kwamba bei ni hiyo hiyo tangu asubuhi na hata akilia haitashuka.

"Wacha amalize," Mjomba alisema, akaenda kutafuta chai.